Kufutwa Chuo Si Msiba wa Kufichwa: Neno kwa Vijana wa Madogo na Wazazi Wao

Kila mwaka ifikapo Septemba, hapa Madogo utaona jambo linalofurahisha moyo. Kijana ameitwa chuo. Baba ameuza mbuzi, mjomba ametoa alichonacho, kina mama wamechanga kwenye chama chao, na msikitini baada ya swala ya Ijumaa imamu ametaja jina lake akamwombea dua. Siku ya safari, sanduku jipya na godoro lililofungwa kamba hupandishwa basi na watu husimama kando ya barabara kumuaga. Hata jirani aliyegombana na mamake huja.

Lakini kuna safari nyingine ambayo haina wa kuisindikiza. Ni ya kijana yuleyule, miaka miwili au mitatu baadaye, akirudi na barua mfukoni inayosema kwamba amefutwa masomo kwa kushindwa kufikia alama zinazotakiwa. Huyo hushuka usiku. Wengine hawashuki kabisa. Namjua mmoja ambaye kwao wanaamini yuko mwaka wa nne, kumbe anaendesha bodaboda Mwingi, mji aliouchagua kwa sababu hakuna anayemjua pale. Kila mwezi humpigia mamake na kumwambia mitihani ni migumu, amwombee dua. Na mama wa watu huamka usiku akamwombea.

Nimeamua kuliandika jambo hili kwa sababu limekuwa kubwa kuliko tunavyokubali kusema, na kwa sababu ninalijua kwa ndani. Mimi niliwahi kufutwa.

Yaliyonikuta

Ilikuwa mwaka 2001. Chuo sitakitaja, na sina kinyongo nacho. Nilichukua kozi ambayo sikuielewa, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na jina kubwa masikioni mwa wazee. Mwaka wa kwanza nilifeli masomo matatu nikafanya mitihani ya marudio, zile ambazo wanafunzi huziita sapu. Mwaka wa pili nilifeli zaidi ya nusu. Jina langu likabandikwa ubaoni, na chini yake neno moja tu la kuonyesha kwamba nimefutwa.

Sikurudi nyumbani. Nilikwenda Mombasa kwa binamu yangu pale Majengo, nikawa napakua magunia sokoni Kongowea. Kwa miezi saba nilimdanganya mama. Siku moja mtu wa kwetu aliyekuja na basi la Garsen akaniona na gunia la viazi mgongoni. Hakusema kitu, alinipa salamu akapita. Wiki ile ile mama alipata habari.

Nilipofika nyumbani nilitarajia matusi. Mama aliniwekea chakula, akanitazama mpaka nikamaliza, kisha akasema: "Mwanangu, kufeli umefeli wewe, basi. Lakini uongo umenifanya mimi nionekane mjinga mbele za watu." Maneno hayo yaliniuma kuliko ile barua. Yalinifundisha pia jambo ambalo leo nataka kulisema wazi: kufeli kulinichukua siku moja, uongo ndio ulionila miezi saba. Diploma niliyonayo niliipata mwaka 2007, chuo kingine, kozi nyingine, nikiwa na miaka 28. Ningeweza kuipata mapema zaidi.

Wahenga wetu walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kufutwa chuo ni maradhi yanayotibika, ila dawa yake haipatikani gizani.

Kwa nini wanafutwa?

Watu wetu wana jibu moja rahisi: kijana alikuwa mvivu, alikula miraa, alicheza kamari ya simu. Sitakataa. Wapo wa hivyo, na simu imekula karo ya watoto wengi. Lakini tukisimama hapo tutakuwa hatujaona hata nusu ya mambo.

Kwanza, msingi. Madogo iko kaunti ya Tana River, lakini maisha yetu yamefungamana na Garissa ng'ambo ya daraja. Yaliyoikumba elimu ya kaskazini mashariki yametukumba nasi. Novemba 2014 basi lilishambuliwa Mandera na watu 28 wakauawa, miongoni mwao walimu. Aprili 2, 2015 Chuo Kikuu cha Garissa kikashambuliwa, wakafa watu 148, wengi wao wanafunzi. Baada ya hapo walimu wengi kutoka sehemu nyingine za nchi walikataa kurudi eneo hili, na mwaka 2020 tume ya walimu iliwahamisha wengine wengi. Mtoto aliyemaliza sekondari bila kumuona mwalimu wa fizikia kwa muhula mzima anaweza kupata alama za kumfikisha chuo, maana watoto wetu wana akili. Lakini anapofika darasani na kukaa na wenzake waliosoma shule zenye maabara, mwaka wa kwanza unamlemea.

Pili, mto. Msomaji wa Madogo sina haja ya kumkumbusha mafuriko ya mwisho wa 2023, wakati barabara ya kwenda Garissa ilikatika na watu wakavuka kwa boti. Aprili 2024 maji yakarudi, na pale Kona Punda boti ikapinduka na abiria ndani, tukapoteza watu. Mwanafunzi ambaye kwao pamesombwa, wazazi wako kambini, mifugo imekwenda na maji, hata awe Eldoret au Kilifi akili yake iko hapa. Mtihani hauulizi kwenu kuna nini.

Tatu, pesa. Vyuo vingi havimruhusu mwanafunzi kuingia chumba cha mtihani bila kadi, na kadi haitoki mpaka salio la karo lipungue. Asiyefanya mtihani bila ruhusa huhesabiwa kama aliyefeli. Kwa hiyo kuna vijana wanaotajwa kwamba wamefeli masomo, na ukweli ni kwamba walifeli karo. Mfumo mpya wa kufadhili wanafunzi ulioanza 2023 ulizidisha mkanganyiko: familia za wafugaji na wakulima zilijikuta zimepangwa kwenye makundi ya kulipa zaidi ya uwezo wao. Mahakama Kuu iliutangaza mfumo huo kuwa kinyume cha katiba Desemba 2024, na mvutano haukuishia hapo. Wakati wakubwa wanavutana mahakamani, kijana yuko nje ya chumba cha mtihani.

Nne, kozi yenyewe. Kijana hujaza chaguo za KUCCPS kwenye duka la simu, akishauriwa na mwenye duka. Akikosa kozi aliyoitaka anapelekwa aliyoibahatisha. Mimi nilichaguliwa na wazee. Hawa wa leo huchaguliwa na kompyuta. Matokeo yanafanana.

Tano, makosa ya chuo. Alama hupotea. Mwanafunzi amefanya mtihani, lakini kwenye rekodi panasomeka hakufanya. Malalamiko ya namna hii yamefika mara nyingi hadi kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile ambayo wengi huiita ofisi ya Ombudsman. Wako waliorudi nyumbani na aibu isiyokuwa yao.

Nimeyataja yote haya si kumtafutia kijana kisingizio. Nimeyataja kwa sababu kila chanzo kina dawa yake. Aliyekosa karo hahitaji dawa ya mlevi, na aliyepotezewa alama hahitaji mawaidha, anahitaji wakili.

Barua ikishafika, fanya nini?

Kwanza isome. Vijana wengi huona neno moja tu wakaikunja. Kila chuo kina kanuni zake, lakini katika vyuo vikuu vingi vya umma hapa Kenya alama ya kupita ni 40, na kuna ngazi kadhaa kabla ya kufutwa: kufanya sapu, kurudia masomo fulani, kurudia mwaka mzima, na mwisho ndiyo kufutwa. Angalia kanuni za chuo chako uone kama kweli umefika ngazi ya mwisho au umerushwa ngazi. Hesabu masomo yako moja baada ya jingine. Kama kuna alama ambayo haipo, andika.

Pili, kata rufaa, na uikate mapema. Rufaa ina siku zake na zikipita mlango umefungwa. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa haki na taasisi inayofanya uamuzi juu yake, na kupewa sababu kwa maandishi pale haki yake inapoathirika. Sheria ya mwaka 2015 ya Hatua za Haki za Kiutawala imekazia hayo. Chuo cha umma hakiko juu ya katiba. Rufaa nzuri haitukani mtu wala hailii. Inasema lililotokea, inaonyesha ushahidi, na inaeleza nini kitabadilika. Kama ulikuwa mgonjwa, ambatisha karatasi ya hospitali. Kama kwenu palifurika, leta barua ya chifu. Kama ni alama zilizopotea, tafuta karatasi ulizosaini siku ya mtihani na majina ya wahadhiri. Chuo kikinyamaza, Ombudsman hapokei ada kwa malalamiko.

Tatu, chukua karatasi zako. Hata kama rufaa itakataliwa, masomo uliyopita ni mali yako. Omba rekodi ya matokeo kwa msajili. Wengi huondoka kwa hasira bila kuchukua kitu, na miaka mitano baadaye wanahangaika kuthibitisha kwamba waliwahi hata kusoma.

Nne, usiikimbie HELB. Mkopo haufutiki kwa sababu umefutwa chuo. Usipolipa wakati wake ukifika, faini huongezeka kila mwezi juu ya deni, na jina lako laweza kupelekwa kwa wanaoweka rekodi za wadaiwa. Nenda Huduma Centre, waeleze hali yako, mpatane. Deni unaloliongelea huwa dogo kuliko deni unalolikimbia.

Njia bado zipo

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwaka 2014 Kenya ilipitisha sheria ya mfumo wa kitaifa wa sifa za elimu, unaopanga vyeti vyote kwa ngazi kuanzia 1 hadi 10. Digrii ya kwanza iko ngazi ya 7, diploma ngazi ya 6, cheti cha ufundi ngazi ya 5. Maana yake kwa mtu wa kawaida ni kwamba ngazi hizi zimeunganishwa. Aliyeanguka kutoka ya 7 anaweza kushika ya 6 au ya 5, akapanda tena. Masomo uliyopita yanaweza kuhesabiwa chuo kingine, ingawa uamuzi ni wa chuo kinachokupokea, ndiyo maana nikasisitiza karatasi.

Na hatuhitaji kwenda mbali. Ng'ambo ya daraja iko North Eastern National Polytechnic. Garissa kuna chuo cha mafunzo ya tiba cha KMTC. Mombasa iko Kenya Coast National Polytechnic. Kijana mwenye alama ya C ya kidato cha nne anaruhusiwa diploma. Mwenye D anaweza kuanza na cheti cha ufundi. Kuna pia utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunza kazi mtaani na kumpa cheti kwa ujuzi alio nao. Nani alisema fundi wa pampu za maji katika kaunti inayolima kando ya mto ni mtu aliyeshindwa? Nani alisema muuguzi au mhudumu wa afya ya mifugo wa ngazi ya diploma ana thamani ndogo mahali ambapo ngamia mmoja ni mali ya familia?

Tusisahau kwamba hata Technical University of Mombasa, ambayo leo tunajivunia kuwapeleka watoto wetu kuchukua digrii, mizizi yake ni chuo cha ufundi kilichoanzishwa kwa ajili ya Waislamu wa Afrika Mashariki zama za ukoloni. Wazee wetu hawakuona aibu ufundi. Aibu hii tumeizua sisi.

Waliofutwa kabla yenu

Kama unafikiri wewe ndiye wa kwanza, tazama majirani zetu Tanzania. Wao wana neno lao la mtaani, kudisko, na mwenye kudisko hapewi mgongo milele. Mwaka 1966 Mwalimu Nyerere aliwarudisha nyumbani wanafunzi zaidi ya mia tatu wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walioandamana kupinga masharti ya jeshi la kujenga taifa. Hilo lilikuwa suala la siasa, si la alama. Lakini nchi changa ile ilikuwa na wasomi wachache mno, na siku moja tu chuo kikapoteza mamia ya wanafunzi wake. Wengi waliruhusiwa kurudi baadaye wakamaliza, na miongoni mwao wakatoka watu walioitumikia nchi katika nyadhifa kubwa.

La karibu zaidi ni la Mei 2016. Wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi katika Chuo Kikuu cha Dodoma waliamriwa kuondoka ndani ya muda mfupi. Rais Magufuli akasema hadharani kwamba hawakuwa na sifa za kuwa pale, na akawaita vilaza. Neno lile lilienea nchi nzima. Fikiria wewe ni mtoto wa miaka 19, umeshuka kwenye basi kijijini na kila mwenye redio ameshasikia jina ulilopewa. Baadaye serikali iliwachambua: waliokuwa na sifa wakapangiwa vyuo vya ualimu kumalizia, wengine wakaambiwa waombe kozi zinazolingana na alama zao. Maana yake ni kwamba miongoni mwa walioitwa jina lile walikuwemo waliostahili kusoma. Jina lilitangulia, uchunguzi ukafuata nyuma. Na sisi hapa Madogo hufanya vivyo hivyo kwa mtoto mmojammoja: tunampa jina kwenye kibanda cha chai kabla hatujamuuliza kilichotokea.

Kwa wazazi na viongozi

Mzazi, najua uchungu wako. Umeuza ng'ombe, na ng'ombe hakurudi na digrii. Una haki ya kukasirika. Lakini kasirika siku tatu, siku ya nne kaa na mwanao muulize maswali matatu: Nini kilitokea? Karatasi gani unazo? Unataka kufanya nini sasa? Ukimfukuza nyumbani, kuna watu wanaowatafuta vijana waliofukuzwa. Eneo letu linawajua watu hao na linajua wanawapeleka wapi. Na kuna jambo zito zaidi. Kijana akinyamaza sana, akiacha kula, akianza kugawa vitu vyake au kusema afadhali asingezaliwa, usimwache peke yake hata usiku mmoja. Mpeleke hospitali, mwite mtu anayemheshimu. Kuna mama waliotamani wangegundua siku moja mapema.

Mama wa yule kijana wa Mwingi, siku atakayojua, natamani jirani zake wasimpelekee pole kama ya maiti. Mwanawe yu hai.

Maimamu wetu wanaotaja jina la kijana anapoondoka, wafungue pia mlango kwa anayerudi. Kisa cha Nabii Yusuf tunakisoma kila mwaka: kisimani, sokoni, gerezani, kisha hazina ya nchi. Hatukisomi ili tulie tu.

Kwa viongozi wa kaunti na wabunge wetu: basari hutolewa kwa hundi na picha. Mwanafunzi akishapokea, nani anamuuliza mwaka wa pili anaendeleaje? Kamati za basari zinayo majina, vyuo na mara nyingi nambari za simu. Si gharama kubwa kumpigia kila mwanafunzi mara moja kwa muhula na kujua ni nani amezuiwa mtihani kwa elfu kumi. Elfu kumi kwa wakati wake ingeokoa laki mbili zilizokwisha kutumika. Pili, basari nyingi hukatika mtu anapohamia ngazi ya chini. Anayetoka digrii akaenda diploma huonekana amepoteza nafasi yake. Hilo libadilishwe. Huyo ndiye anayehitaji kushikwa mkono.

Nawe kijana uliyebeba barua mfukoni, nakuomba jambo moja tu wiki hii. Mtafute mtu mzima mmoja unayemwamini, awe shangazi, ami, mwalimu wa madrasa au mwalimu wako wa zamani, umwambie ukweli wote kwa dakika kumi. Usianze na baba kama unamwogopa. Yule utakayemwambia ndiye atakayekwenda nawe kwa baba. Mimi nilisubiri miezi saba mpaka gunia la viazi likanisemea.

Daraja la Garissa liko palepale. Anayekwenda hulivuka, na anayerudi hulivuka vilevile. Vuka mchana.